Ukumbi wa kongamano: nendeni na futi kamba

Mnaoandaa kongamano la jamii hapa Mwanza, pimeni ukumbi kabla ya kulipia, mjue kama wenye ulemavu watauingia na kuutumia. Mji ni wa miamba na vilima, ngazi haziepukiki. Rampu, yaani njia ya mteremko ya kitimwendo, inataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda: ngazi tatu za sentimita 15 zinataka rampu ya mita 5.4. Fundi akileta ubao wa mita mbili, mkataeni. Kitimwendo kitapinduka kinyumenyume.

Milango iwe na upana wa sentimita 90, na wa choo pia! Wengi hukwama hapo: rampu safi, choo hakiingiliki.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, maana akichoka mtu anaanza kuruka maneno. Wapewe hotuba mapema. Wasisimamishwe mbele ya dirisha la ziwani, hata kama picha zinapendeza. Kiziwi ataona kivuli tu.

Wenye ualbino: viti vya mbele, mbali na jua, maandishi makubwa ya pointi 18.

Wanaokuja kwa boti kutoka Ukerewe waulizwe mapema namna wanavyotaka kusaidiwa kushuka gatini. Msiwabebe kama magunia ya dagaa.