Sabuni Iliyonuka Papa

Mama Mkubwa alitufikia Kuze, Mombasa, usiku wa mwezi ishirini na moja wa Ramadhani, mwaka 1979, wanaume wako tarawehe. Alikuwa amevaa mabuibui mawili, moja juu ya jingine, na viatu vyake vimejaa mchanga wa Vanga, pwani ya mpakani. Mamangu alipofungua mlango alimtazama tu, kisha akamshika mashavu kwa mikono miwili, akayabonyeza kama mtu achaguaye embe Marikiti. Hawakuonana tangu Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka. Ndugu wa tumbo moja, mmoja kaolewa Tanga, mmoja Mombasa, katikati yao safari ya basi ya nusu siku. Lakini miaka ile barua ya Bombay ilitufikia upesi kuliko ya Tanga.

Nikampa shikamoo. Akaitika, akaniuliza, "Choo kiko palepale?" Hakutaka uji, hakutaka tende. Alitaka kuoga.

Alikaa huko mpaka wanaume wakarudi msikitini. Babangu alitaka kuingia, mamangu akamkonyeza amwache. Nilikuwa na miaka 12 na sina adabu ya kutosikiliza, nikakaa ukumbini nikisikia kata ikigonga pipa: maji, kimya kirefu, maji tena. Alipotoka nikaenda kuchungulia. Sabuni ya Lux iliyofunguliwa asubuhi ileile ilikuwa imekonda, karibu uone upande wa pili. Na kwenye kamba alikuwa ameanika kanga aliyokuja nayo, amekwisha kuifua, inachuruza maji yenye rangi ya kijani hafifu. Kumbe kule Tanga walikuwa wakifulia majani ya mpapai.

Ilikuwa miezi minne tangu Kampala ianguke mikononi mwa majeshi ya Tanzania.

Lazima nirudi nyuma kidogo, maana watoto wa siku hizi ukiwatajia vita vya Kagera wanadhani ni mechi. Babangu alikuwa karani bandarini Kilindini, na kwa kazi hiyo alijuana na madereva wa malori ya Kampala. Mmoja wao, mtu wa Jinja, alikuwa hapiti Mombasa bila kuja kwetu kunywa chai. Novemba 1978 alikuja na habari kwamba redio ya Uganda imetangaza jeshi la Idi Amin limeiteka Kagera, ardhi ya Tanzania, kwa dakika 25. Aliyasema hayo mlangoni pa lori, huku akipanga pakiti za chumvi na miche ya sabuni chini ya kiti. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilikuwa jirani na kwao, lakini sukari yake aliinunua Mombasa. Wahindi waliokuwa na viwanda na maduka Amin aliwafukuza mwaka 1972, mali yao wakapewa askari na marafiki, vikafa kimoja baada ya kingine. Na Oktoba hiyo ya 1978 Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda, ilhali kahawa ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini.

Babangu akamuuliza kama dakika hizo 25 zimewafurahisha. Yule bwana akacheka puani. "Karani, mimi nahesabu chumvi."

Basi, Nyerere alipojibu tarehe 2 Novemba kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, baraza yetu nzima ilipiga makofi kana kwamba sisi ndio tutakaokwenda. Mombasa hatukumpenda Amin. Februari 1976 alikuwa ameisimamia ramani akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni yake. Lakini ushabiki wetu ulikuwa wa redio. Mawimbi ya Redio Tanzania Dar es Salaam yalitufikia vizuri usiku, na nilijua majina ya Kyaka, Masaka na Entebbe kabla sijajua Nakuru iko upande gani. Amin akawa "nduli". Tulicheza vita uwanjani Makadara; hakuna aliyekubali kuwa Uganda, ikabidi tuwapangie wadogo. Aprili 11 habari za Kampala zilipokuja, muuza kahawa alitoa duru moja bure, jambo ambalo sikuliona tena maishani mwangu.

Sasa hapa kitandani kwa mamangu ameketi mtu wa upande ulioshinda, amejifunga leso ya kuazima, ananusa kiganja chake.

Siku mbili za kwanza hakusema mengi juu ya vita. Tulipata habari vipande vipande, wakati wa kukuna nazi au kuchambua mchele. Malori na mabasi yalichukuliwa kwenda kubeba wanajeshi, na mazao yakabaki mashambani bila wa kuyasomba. Duka la serikali likifungua, watu hupanga foleni kabla hawajajua kinachouzwa. Mumewe alifanya kazi katika shamba la mkonge, na mkonge ulikuwa umekwisha kushuka bei tangu kamba za nailoni zienee. Mwanawe wa pili alichukuliwa mgambo Desemba 1978. Barua yake ya mwisho ilitoka Masaka, mistari minne, mmoja wao ukiuliza hali ya mbuzi.

Babangu, mpenzi wa siasa, alimuuliza ameionaje hotuba ya Mwalimu ya kuwataka wananchi wafunge mkanda miezi 18. Sisi tuliipata redioni ikachambuliwa barazani usiku kucha. Mama Mkubwa akamtazama shemeji yake.

"Sisi tuliambiwa na balozi wa nyumba kumi. Redio yangu haina mawe ya betri tangu Mfungo Tatu."

Babangu akanyamaza. Mimi nikatazama redio yetu juu ya kabati, na kitambaa chake cha kufumwa. Hotuba tulizozijua kwa ghibu, mwenyewe aliyekuwa akiambiwa hakuzisikia. Sijui kwa nini jambo hilo lilinikaa kuliko la sabuni.

Usiku wa mwezi ishirini na tano baraza ilijaa. Alikuwapo fundi wa saa jirani yetu, mtu wa maneno, aliyekuwa akizungumza huku jicho moja limejikunja kana kwamba bado amevaa lenzi. Alijua fika kwamba mgeni wetu yuko ndani, nyuma ya pazia. Akaanza na Uganda: wamemtoa Amin, wakamweka Lule, Lule hata siku sabini hakumaliza, sasa Binaisa. Kisha akahamia Tanzania. Nairobi na Dar walikuwa wakitupiana maneno miaka ile. Dar wakisema Kenya mtu humla mtu, Nairobi wakijibu kwamba kule kwao mtu hali kitu. Fundi akalirudia hilo kwa sauti, watu wakacheka. Akaongeza lake:

"Wamemshinda Amin, yakhe. Imewashinda sabuni."

Kicheko kikapanda. Nilikuwa nimeshika birika, nikaona pazia linatikisika, na sauti ya Mama Mkubwa ikatoka, taratibu, sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Ewe baba, huyo Amin si ndiye aliyewakatia nyinyi Kenya kwenye ramani?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza tu. Mlimfanya nini?"

Fundi akafungua jicho lake lililojikunja. Muuza kahawa akagonganisha vikombe, ishara ya kwamba dele limekwisha, ingawa nililiona lina nusu. Kwa haki ya Mungu, Kenya ilikuwa imempinga Amin kwa njia zake, na babangu angeweza kumweleza. Lakini babangu hakusema neno. Aliipunguza sauti ya redio, iliyokuwa ikieleza juu ya vijana wetu walioko Uganda. "Vijana wetu" ya Dar es Salaam. Mmoja wao aliuliza hali ya mbuzi.

Nikaingia ndani na birika. Nilitarajia nimkute na uso wa ushindi. Alikuwa ameinamia kapu, ananong'ona na mamangu: "Hebu nikatie na ule mche wa pili. Vipande vidogo. Kikubwa huonekana."

Fedha ya kununulia vitu hivyo ilitoka mkononi mwake. Shilingi ya Tanzania hapakuwa na mwenye duka aliyeitaka, basi alikwenda kwa sonara na bangili moja ya harusi yake, akarudi mkono mmoja mtupu, ameushusha ukaya wa buibui mpaka vidoleni. Hakusema alipata ngapi. Alinunua sukari ratili chache, dawa ya meno, vitambaa vya nguo za Idi, jozi moja ya leso, na mawe manne ya redio. Sehemu kubwa ikaenda kwenye sabuni.

Kazi ya kuificha ilichukua siku nzima na nilishirikishwa kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Upande wa Tanzania mgambo walikuwa wakipekua kila anayetoka pwani ya Vanga, na bidhaa ya Kenya iliitwa magendo, iwe ya duka zima au ya mtoto mmoja. Mamangu aliikata miche kwa uzi, maana kisu huimegua. Vipande tukavitia ndani ya mto wa sufi, kimoja kimoja, nikivisukuma hadi katikati, kisha Mama Mkubwa akaulalia kujaribu. Uligongana kama gunia la kokoto. Tukautoa sufi, tukaanza upya.

Taabu ikawa Lux. Sabuni ya mche haina harufu ya kumchongea mtu, lakini Lux hata uizike hujitangaza. Alitaka mbili tu, za binti yake aliyekuwa anaposwa. Tulizifunga kwa nailoni, zikanukia. Tukazitia ndani ya kopo la achari, zikanukia pamoja na achari. Mwisho mamangu akaleta papa mkavu, mnene, wa kuteka harufu ya nyumba. Tukampasua tumboni, tukazilaza Lux ndani, nikamshona kwa uzi wa gunia. Mama Mkubwa alimwinua yule papa akamnusa kichwa hadi mkia, akacheka mpaka akaketi chini. Ndiyo mara pekee nilipomwona akicheka safari ile.

"Mgambo akitaka kumla huyu," akasema, "nitamwambia apike kwa nazi, lakini ajiandae kutoa povu."

Aliondoka alfajiri ya mwezi ishirini na saba, ili apate kuiona Idi kwao. Nilimsindikiza hadi feri ya Likoni na kapu kichwani. Kusi lilikuwa likivuma, na alilihofia: kuja kutoka Moa, upande wa Tanzania, hadi Vanga kwa mashua ya wavuvi upepo unakusukuma, kurudi ni kupiga bisho, na mashua ikichelewa jua hutoka ikaonekana. Tulisimama kando ya wapanda baiskeli. Nilikuwa na swali tangu usiku wa barazani, nikalitoa kitoto.

"Mama Mkubwa, sasa nyinyi mmeshinda kweli?"

"Tumeshinda," akasema, upesi, bila kunitazama. Kisha akaniweka sawa kapu kichwani, maana lilikuwa limeinama upande wa papa.

Huwa nawasoma watu wanaoandika kwamba vita ile iliifilisi Tanzania, wengine wakikadiria gharama yake kuwa dola milioni 500, na siwabishii. Ila husahau kwamba mafuta yalipanda mwaka huohuo wa 1979, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka kutoka kilele chake cha 1977, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika miaka miwili kabla, Tanzania ikalazimika kujianzishia shirika lake la ndege, reli na bandari. Kiongozi mwenye ushindi mkononi huuonyesha huo kwanza. Nyerere angalau alisema mbele za watu kwamba kutakuwa na dhiki, akaitajia na muda. Muda ndio alioukosea. Babangu alitia alama kwenye kalenda ya dukani, Agosti 1979 hadi Februari 1981, akisema tutaona. Kalenda ya 1981 ilipotundikwa akahamishia alama ile, kwa kalamu nyekundu.

Binamu yangu alirudi, mzima, akiwa na sikio moja zito kwa sababu ya mizinga. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na alipokuja kwetu mara ya kwanza kwa basi, mchana kweupe, alikaa kwa fundi wa saa tangu adhuhuri hadi magharibi wakipiga soga. Hakuna aliyetaja sabuni.

Lakini majibu ya ule mzigo tuliyapata mapema, wiki tatu baada ya Idi. Mvuvi wa Vanga aliyaleta kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko wa binti aliyekuwa anaposwa. Mamangu alinipa nimsomee. Salamu, salamu, watu wote wazima. Mto umefika. Mawe yamefika, na redio inasema. Kisha chini kabisa, kwa herufi kubwa: papa tumemla, Lux zinanuka papa, tunaoga hivyohivyo, na mchumba hajasema kitu.