Mambo ametuacha, nami nikamkumbuka Ernie

Nimeshuka Mombasa katikati ya Februari 2025, kaskazi ingali inavuma, baada ya miaka 25 ya Michigan. Baba alikuwa kibarazani pake, Freretown, kwenye kiti kilekile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie. Kisha akasema, "Mambo ametuacha, mwanangu. Umemkosa kwa siku chache tu."

Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio wa Kenya, alifariki tarehe 7. Habari ilinikuta nikifunga mizigo, lakini kuisikia kinywani mwa baba kulinichoma upya. Nilipokuwa mdogo, siku Harambee Stars, timu ya taifa ya soka, wakicheza, redio iliwekwa dirishani, antena yake imeungwa kwa waya wa kutundikia nguo, na nyumba nzima ikanyamaza. Hata mama aliepua kikaango ili samaki wasichachatike juu ya sauti ya Mambo. Kiwanja cha Nairobi hatukuwa tumekiona kwa macho, ila tulijua winga yuko upande gani na jua linampiga nani usoni.

Jioni ile sikumwambia baba kilichonijia moyoni. Nilimkumbuka mtangazaji mwingine, Ernie Harwell, mzungu wa jimbo la Georgia, Marekani, niliyemlilia kwenye lango la uwanja wa besiboli mjini Detroit.

Kazi yangu ya kwanza Marekani, mwaka 2000, ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilipewa mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha magari, mtu wa maneno machache. Kila jioni, saa moja na dakika chache, alinionyesha redio kwa kidole. Niliiwasha nikaendelea na kazi yangu, kumnyoa ndevu au kumkanda miguu, na sauti ya Ernie Harwell ikajaa chumbani. Alikuwa na miaka 82 wakati huo, na mechi za Detroit Tigers alikuwa akizitangaza tangu 1960.

Mchezo wenyewe sikuuelewa hata kidogo. Mmoja anarusha, mwingine amesimama na gongo, halafu muda mrefu hakuna kinachotokea. Tena si mara moja kwa wiki: ni mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia Aprili hadi Septemba kwisha. Ila Ernie hakuwa na haraka. Alisema neno, akanyamaza, ukasikia watu wakizungumza majukwaani na gongo likigonga mpira, ndipo akasema jingine. Mpigaji akiutazama mpira wa mwisho unampita bila kuzungusha gongo, akatolewa, Ernie alisema, "Amesimama pale kama nyumba kando ya njia." Sentensi hiyo niliielewa kabla sijaelewa sheria hata moja.

Na mpira ukipigwa vibaya ukaangukia kwa watazamaji, alisema umedakwa na bwana mmoja wa kutoka Ypsilanti. Siku nyingine ni mtu wa Saginaw. Kwa mwaka mzima niliamini anawafahamu watu wote wale. Mzee wangu ndiye aliyenifungua macho: anabuni tu, anataja miji ili msikilizaji wa mji huo ajione yuko uwanjani. Basi jimbo zima la Michigan nililijua kwa njia hiyo, mji kwa mji, kabla sijapanda basi hata moja la kutoka Detroit. Usiku mwingine nilijikuta nangoja ataje mtaa wangu.

Mzee alinieleza mengine kidogo kidogo. Kwamba mwaka 1948 timu ya Brooklyn ilimtaka sana hata ikatoa mchezaji, mdakaji Cliff Dapper, ili impate yeye mtangazaji kutoka Atlanta. Kwamba mwisho wa 1990 ilitangazwa kuwa msimu wa 1991 ungekuwa wake wa mwisho Detroit, mashabiki wakachachamaa, na ilipofika 1993 alikuwa amerudi. Hilo mzee alilisema kwa hasira kana kwamba limetokea jana.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi leo. Kila mwaka, mwanzo wa mazoezi ya msimu mpya, Ernie alifungua matangazo kwa maneno ya Wimbo Ulio Bora. Nilipoyatafuta kwenye Biblia yetu nilikuta, "Maana tazama, kaskazi imepita." Nilikaa kitandani na koti mwilini, theluji imeziba dirisha, nikacheka hadi machozi. Kwetu pwani kaskazi ni joto na maembe. Kule neno lilikuwa na maana ya baridi iliyonikausha midomo miezi mitano. Lakini furaha ya kupisha majira niliijua vizuri.

Aliacha utangazaji 2002. Mzee wangu alifariki miaka miwili baadaye. Septemba 2009 Ernie alitangaza kuwa ana kansa ya mfereji wa nyongo isiyofanyiwa upasuaji, na siku chache baadaye akasimama katikati ya uwanja wa Comerica Park, mechi imesitishwa kidogo, akawashukuru watu wa Michigan. Tarehe 4 Mei 2010 akafariki, na miaka 92.

Tarehe 6 wakaliweka jeneza lake palepale uwanjani, langoni, karibu na sanamu yake. Watu walianza kupita asubuhi na mapema na waliendelea hadi baada ya saa sita usiku, zaidi ya 10,000. Mimi nilifika saa nne usiku na sare yangu ya kazi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa ameshika redio ndogo, imezimwa, ameibana kifuani kama mtoto. Foleni nzima walikuwa wakisimuliana, na sikusikia mtu akitaja vikombe. Kila mmoja alisema alikuwa akimsikilizia wapi na alikuwa na nani: chini ya mto baada ya kuambiwa alale, gereji na babu yake, ndani ya mtumbwi ziwani. Waliponiuliza nami, nikawaambia habari ya mzee na kinyozi wake. Mama yule alinishika bega.

Zamu yangu ilipofika nililia sana, zaidi ya nilivyotarajia. Mama yangu alikuwa amezikwa 2006 nami sikuweza kuja. Nilimlilia hapo.

Haya yote nilimsimulia baba wiki ya pili, kibarazani, jua limekuchwa. Sehemu ya nyumba kando ya njia aliipenda.

"Nyumba ya nani?" akauliza.

Nikamwambia hakuitaja. Akafikiri. Kisha akarudi kwa watu wa kudaka mipira, akataka nimtajie miji tena, mmoja mmoja. Nikamtajia, na mwisho nikaongeza kwa sauti ya redio, "Huo umedakwa na mzee mmoja wa kutoka Freretown."

Baba hakusema kitu. Alikunjua kiganja chake juu ya goti, akakitazama, akakifumba polepole.