Mtetemo ulionisubiri Ruiru

Kutoka Roysambu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Thika, gari lilikuwa shwari mpaka mshale wa spidi ufike 90. Hapo usukani ulianza kunichezea mikononi, na nikigusa 100 hata vioo vya pembeni havikuonyesha kitu. Nikirudi 80, kimya. Mjini hakuna aliyeweza kuusikia mtetemo huo, na kwenye Nairobi Expressway, ambako kikomo ni kilomita 80 kwa saa, ulijificha kabisa. Ndiyo maana kila fundi aliyelizungusha mtaani alirudi ama akiniambia gari ni zima, ama akinitajia spea.

Kila mwezi nampeleka mama kliniki Thika. Sikuwa tayari kumkalisha kwenye gari ambalo ugonjwa wake siujui.

Fundi wa kwanza alilala chini ya gari, akatoka akasema, "Madam, bushi za ami zimeisha," yaani raba za mikono inayoshikilia magurudumu. Nikanunua, akafunga. Jumamosi ileile, nikipita Ruiru, usukani ukacheza vilevile. Bushi za zamani zilikuwa zimepasuka kweli, nilizishika kwa mikono yangu. Lakini bushi iliyochoka huukuza mtetemo uliopo tayari. Si lazima iwe ndiyo iliyouzaa. Mwingine alitaka alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Alaimenti ikiharibika gari huvuta upande na kula tairi, na langu halikuvuta popote.

Nikaenda kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu yote manne, shilingi 300 kila moja. Mtetemo ukapungua, haukuisha. Nilikasirika siku hiyo, ila kule kupungua ndiko kulikonipa mwanga: shida ilikuwa kwenye magurudumu yenyewe.

Safari iliyofuata niliendesha nikiwa makini. Nikikanyaga breki, mtetemo haukuzidi, kwa hiyo diski za mbele nikaziacha. Nikiondoa mguu kwenye mafuta, haukubadilika. Jointi za eksel, zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zikichoka aghalabu hutikisa gari unapokanyaga mafuta. Beringi nazo huvuma, na hapakuwa na mvumo. Ulifuata kasi tu. Tairi zangu ni 195/65 za rimu 15, mzunguko wake ni karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kasi ya 100 kila tairi hujizungusha takriban mara 14 kwa sekunde. Gramu 20 zilizozidi ukingoni mwa rimu hupiga kwa nguvu ya karibu kilo 3 kila mzunguko. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Nilipofanya hesabu hiyo nikaelewa kwa nini mtaani hapakuwa na dalili.

Kisha nikafanya jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kununua chochote. Kwenye maegesho ya ploti yetu, kijana mlinzi akinisaidia, tuliweka mawe ya kuzuia, tukapiga jeki, tukahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila moja likibaki upande wake. Tulipopita Ruiru usukani ulitulia kama maji mtungini. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema, "Mwanangu, leo kiti kinanitikisa mgongo." Nilifurahi mpaka akanishangaa. Mtetemo ulikuwa umehama na magurudumu.

Nikarudisha moja tu mbele, la kushoto. Usukani ukaanza tena. Tukalipandisha kwenye jeki, nikashika bisibisi karibu na ukingo wa rimu nikalizungusha taratibu. Ukingo wa nje ulikuwa sawa. Nilipoangalia wa ndani, nafasi kati ya rimu na bisibisi ilifunguka na kufunga. Rimu ilikuwa imepinda ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nikakumbuka shimo moja nililoingia wakati wa mvua za Aprili, maji yakiwa yamelifunika.

Mashine ya kawaida ya balansi hupima uzito umegawanyikaje. Haikuambii kama rimu ni mviringo. Inaweza kusoma sifuri na gurudumu likaendelea kuruka barabarani. Siku hizi naomba waliache lizunguke huku nikilitazama ukingo wa ndani, na ningemwomba kila mwenye gari afanye hivyo.

Kuna fundi aliyejitolea kuinyoosha kwa moto. Rimu yangu ni ya aloi, na aloi iliyochomwa hupoteza nguvu na inaweza kupasuka, kwa hiyo nilikataa. Nilitafuta ya mtumba ya saizi hiyohiyo Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na sikutoa pesa mpaka nilipoiona ikizunguka kwenye mashine. Tairi tuliikagua ndani na nje tusikute uvimbe, tukaifunga, tukabalansi. Kabla ya kulirudisha gurudumu nilisugua kutu kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa, kwa brashi ya waya, maana hata kutu hiyo hulikalisha upande. Nati tulizikaza kwa kuvukavuka, si kwa kufuatana mduara.

Mwezi huo mama alisinzia tukipita Githurai, akaamka Thika. Tuliporudi nilizipitia nati tena kwa spana; mbili zilikubali robo mzunguko zaidi.