Kijiko Chini ya Kanga

Binti yangu alipotimiza miezi tisa nilianza kumchezesha mchezo mmoja ambao hatujauacha hadi leo, ingawa sasa ana miezi 22 na mchezo wenyewe umebadilika sura mara nyingi. Nilitandika mkeka sebuleni, nikaweka kanga mbili zilizokunjwa mbele yake, moja kulia na moja kushoto, kisha nikaficha kijiko cha mbao chini ya ile ya kulia huku ananitazama. Alifunua, akakipata, akacheka. Tukarudia mara tatu, mara nne. Ndipo nikakificha chini ya kanga ya kushoto, taratibu, macho yake yakiufuata mkono wangu hadi mwisho, naye bila kusita akaenda kufunua ya kulia. Alipokosa kitu alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Kosa hilo lina historia ndefu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliona kwa watoto wake mwenyewe watatu, na akaeleza kwamba mtoto wa umri huo anatambua kuwa kitu kilichofichwa bado kipo, lakini hajaweza kukitenganisha na mahali alipozoea kukipata. Waliokuja baada yake wamebishana naye sana kuhusu sababu; wapo wanaosema kwamba mtoto anaweza kujua vizuri kijiko kiliko, ila mkono uliokwisha kuzoea kwenda kulia humshinda nguvu. Mimi naegemea upande wa hao wa pili, kwa kuwa mara kadhaa nilimwona binti yangu akitazama kushoto huku mkono wake unakwenda kulia.

Nimeanza na mchezo huu kwa sababu ndio ulionipa kipimo ninachokitumia kwa michezo mingine yote ya watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu: mchezo unaokuza akili ni ule unaomzidi mtoto kidogo tu, kiasi kwamba anakosea lakini hakati tamaa. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti ambaye kwa sadfa alizaliwa mwaka mmoja na Piaget, yaani 1896, alilieleza jambo hili kwa kusema kwamba kujifunza hutokea katika nafasi iliyopo kati ya kile anachokiweza mtoto peke yake na kile anachokiweza akiwa na mtu wa kumsaidia. Nafasi hiyo haikai mahali pamoja. Binti yangu alipofikisha mwaka, kanga mbili zilikuwa kazi rahisi mno kwake, nikaongeza ya tatu na kumfanya asubiri kidogo kabla ya kutafuta, maana kukumbuka wakati wa kusubiri nako ni zoezi. Alipokaribia mwaka na nusu nikabuni hila: nilitia kijiko ndani ya kikombe, nikakipitisha kikombe chini ya kanga, nikakiacha kijiko hukohuko na kutoa kikombe kitupu, bila yeye kuona kijiko kikitoka. Kwa majuma mawili alikuwa akikikodolea macho kikombe kitupu na kukigeuzageuza. Siku moja alichungulia ndani, akatulia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kanga. Nilimwona anafikiri, kama unavyomwona mtu mzima anayetafuta jina lililomtoka.

Mchana analelewa na bibi yake, mama wa mume wangu, hapahapa Tanga, na jiko la bibi halikosi cha kuchezea: sufuria tano zinazoingiana, vifuniko vyake, upawa, kawa, vikombe vya plastiki. Kuingiza sufuria moja ndani ya nyingine na kukipatia kila kifuniko sufuria yake ni somo la ukubwa, la mpangilio na la kukisia kabla ya kutenda, ingawa kwa jirani anayepita uani ni makelele tu. Mwanzoni binti yangu alikuwa akikandamiza kifuniko kikubwa juu ya sufuria ndogo kwa nguvu zake zote, kana kwamba ukaidi utaifanya itanuke. Baadaye alianza kujaribu kimoja, akakiweka kando, akachukua kingine. Siku hizi hukitazama kifuniko kwanza, na mara nyingi hupatia.

Tatizo letu jikoni lilikuwa huruma. Bibi alikuwa hawezi kumwona mjukuu wake akihangaika bila kumwekea kifuniko mahali pake, na mimi nikawa namwomba, "Mama, naomba tumwache kwanza." Siku ya kwanza alinijibu, "Mwanangu, mtoto anahangaika na wewe umekaa unamtazama?" Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Ninalo sasa, na nimelipata kwa kukosea mwenyewe, kwani nami nilikuwa na haraka yangu ya aina nyingine: nikimwuliza swali na kulijibu mimi mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Mtoto wa umri huu anahitaji muda mrefu kuliko tunavyodhani ili alisikie swali, alielewe, atafute neno na kulitoa. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi kila nilipomwuliza kitu, na ilipofika saba au nane, sauti yake ilikuja. Bibi naye amejifunza kuhesabu, ingawa yeye hufika tano.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likielezwa katika ushauri wa malezi uliotafsiriwa kutoka lugha za kigeni, na sisi tunaolea kwa Kiswahili tunapaswa kulizingatia. Wazazi wengi hupenda kuanza na rangi. Lakini katika lugha yetu mtoto hasikii neno moja la rangi nyekundu. Anasikia kikombe chekundu, mpira mwekundu, gari jekundu, nguo nyekundu, na anatakiwa atambue kwamba sura zote hizo ni za rangi moja. Nyeupe na nyeusi nazo hubadilika vivyo hivyo, ilhali njano na buluu hazibadiliki. Namba ni hivyohivyo: vikombe viwili, mayai mawili, watoto wawili. Kwa hiyo mtoto anayechelewa kutaja rangi au kuhesabu kwa Kiswahili huenda wakati huohuo anashughulika na kazi nyingine kubwa ya kupanga ngeli kichwani. Ndiyo maana sikumpa kadi za rangi. Ninamtandikia mkeka na kumwaga juu yake vitu vya nyumbani visivyo na hatari, kisha tunavitenga: vikombe huku, nguo kule, na kila kimoja nakitaja kwa jina na sifa yake kamili, "kikombe chekundu hiki hapa, na soksi nyekundu iko wapi?" Wiki iliyopita alisema "kikombe nyekundu". Sikumkemea wala kumrudishia somo. Nilisema tu, "Ndiyo, kikombe chekundu," tukaendelea.

Kisha kuna michezo ya kuigiza, ambayo hakuna anayehitaji kuifundisha. Jirani yetu alipojifungua, binti yangu alichukua gunzi la mahindi, akanipa kitambaa nimfungie mgongoni, akazunguka nalo uani akilibembeleza. Vygotsky alitoa mfano wa fimbo inayogeuka farasi mikononi mwa mtoto. Sisi tuna gunzi linalogeuka mtoto mchanga, na hapo kuna hatua kubwa ya akili, kwa sababu kukifanya kitu kimoja kiwakilishe kingine ndiyo kazi ileile inayofanywa na neno. Mtu mzima akitaka kuuongeza mchezo huo hana haja ya kuuongoza. Inatosha kuuliza, "Mtoto amelala? Mbona analia, ana njaa?" na hadithi itajiendesha. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka sita, hufanya hivi vizuri kuliko mimi, kwa kuwa yeye bado anaamini kidogo kwamba gunzi lina njaa.

Nilipotafuta kituo cha kulelea watoto wa mchana, kwa kuwa bibi naye huchoka, niliingia katika kimoja ambacho sitakitaja nikakuta watoto wa miaka miwili wameketishwa kwenye viti, penseli mkononi, wakifuatisha herufi zilizochorwa kwa nukta. Chumba cha pili kilikuwa na televisheni iliyowashwa, na nilielezwa kwa fahari kwamba katuni zake ni za kufundisha. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 halipendekezi muda wa kukaa mbele ya skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa mtoto wa miaka miwili linasema usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka watoto wa rika hili wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, zikigawanywa siku nzima. Penseli nayo ina wakati wake. Vidole ambavyo havijafinyanga udongo, havijamimina maji wala kuchana karatasi vinaombwa kazi ambayo bado haviiwezi. Sikumwandikisha.

Mzazi mmoja pale mlangoni aliniuliza, asiye na fedha za kituo kizuri wala midoli ya maana afanye nini? Nilimsimulia habari ya Jamaica, na naisimulia tena hapa kwa sababu ndiyo ushahidi ninaouamini zaidi. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, timu ya mtafiti Sally Grantham-McGregor iliandikisha watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii mara moja kwa wiki, saa moja hivi, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na midoli iliyotengenezwa kwa mikono, akacheza na mama na mtoto pamoja, akamwonyesha mama namna ya kuzungumza na mwanawe wakati wa mchezo. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba, miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wenye udumavu ambao hawakupata mafunzo hayo. Vifaa vilikuwa vya bei ndogo kabisa. Kilichokuwa ghali ni ile saa moja, na ndiyo inayotushinda wengi wetu tunaorudi nyumbani jioni tumechoka.

Niseme na la hatari, kwa ufupi. Gololi, komwe, vizibo vya chupa na maharage mabichi havifai kabisa kwa walio chini ya miaka mitatu. Kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Betri zile bapa kama sarafu ni mbaya zaidi, kwa kuwa zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache. Na mchezo wa kumimina maji, anaoupenda kuliko yote, tunaucheza nikiwa nimekaa kando ya beseni mwanzo hadi mwisho, na maji humwagwa papo hapo.

Kijiko cha mbao bado tunacho, ncha yake imetafunwa. Jana jioni binti yangu alikinyakua mwenyewe, akaniamuru nifumbe macho, na nikasikia akihangaika na kanga kwa muda mrefu. Nilipofumbua nilikuta kanga tatu zimepangwa mbele yangu, na mpini wa kijiko umechomoza nje ya ile ya katikati. Kabla sijanyoosha mkono alininong'oneza, kwa sauti iliyosikika hadi jikoni kwa bibi, "Mama, kiko hapa."