Sheria za kupinga ubaguzi: mi huwa naanza na vipengele vinavyoboa

Kuna kitu huwa kinanichekesha kwenye mijadala ya ubaguzi, mtu akitaka kuonyesha nchi yake iko vizuri anakuletea kile kifungu cha katiba kinachosema binadamu wote ni sawa mbele ya sheria, basi, kashinda. Sasa kifungu kama hicho kiko karibu kila katiba duniani, hadi za nchi ambazo wote tunajua kinachoendelea huko. Mi nikitaka kujua kama sheria inafanya kazi naruka hayo yote ya juu naenda kule chini kwenye vipengele vinavyoboa: nani anatakiwa kuthibitisha, malalamiko unapeleka wapi, una muda gani, na tume iliyopewa kazi ya kusimamia hiyo sheria ikipuuzwa inaweza kufanya nini.

Tuanze na kuthibitisha maana hapo ndo kesi nyingi zinafia. Hakuna mwajiri mjinga wa kukuandikia kwamba tumekunyima kazi kwa sababu ya rangi yako au kabila lako, atakwambia nafasi imeshajaa, na mafaili yote ya usaili anayo yeye, wewe una nini mkononi zaidi ya hisia na labda email moja? Ndo maana naipenda ile direktivu (yani agizo ambalo nchi wanachama lazima waliingize kwenye sheria zao) ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu ubaguzi wa rangi na kabila, ilisema mlalamikaji akishaleta mambo yanayoonyesha kwamba huenda alibaguliwa, mzigo unahamia kwa mlalamikiwa, yeye ndo athibitishe hakubagua. Afrika Kusini nao wana kitu hicho hicho kwenye sheria yao ya usawa ya 2000. Na Ufaransa mwaka 2006 walienda mbali kidogo, sheria yao inakubali ubaguzi uhesabike kosa hata kama aliyenyimwa huduma alienda pale makusudi kumpima mhusika, kwa hiyo yule anayesema ah huyu alikuja kunitega tu, hapo hana pa kutokea.

Ila mzigo kuhamia ni kwenye kesi za madai, jinai ni habari nyingine, na hapa watu wengi tunapotea. Tunasikia ubaguzi ni jinai, mtu anafungwa, tunapiga makofi. Angalia Brazil. Mwaka 1950 mcheza dansi Mmarekani mweusi, Katherine Dunham, alikataliwa hoteli São Paulo, kelele zikawa kubwa, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria lakini ubaguzi ukawekwa kwenye makosa madogo madogo na waliotiwa hatiani walikuwa wa kuhesabu. Katiba ya 1988 ikaja na moto, ubaguzi wa rangi hauna dhamana na kesi yake haifi hata miaka ipite mingapi, mwaka 1989 ikatoka sheria yenyewe. Kwenye karatasi hapo ni kali balaa. Kilichotokea ni kwamba kesi nyingi zilikuwa zinaandikwa kama tusi la kibaguzi, kosa lingine kabisa lenye adhabu nyepesi, na hiyo hali ikaenda hivyo hadi Januari 2023 ndo tusi la kibaguzi nalo likaingizwa kwenye sheria ya ubaguzi. Yani ukali wote wa katiba ulikuwa unategemea mtu anayeandika faili ameamua kuliitaje lile kosa.

Taasisi sasa. Nyingi zilizaliwa vibogoyo. Uingereza sheria yao ya kwanza ya 1965 iligusa sehemu za umma kama hoteli na usafiri, kazi na nyumba hazimo, wakati huko ndiko watu walikuwa wanaumia hasa, ikabidi zije nyingine 1968 na 1976. Marekani wana tume ya fursa sawa za ajira, EEOC, iliyotokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964, lakini hadi 1972 haikuwa na uwezo wa kumpeleka mwajiri mahakamani, kazi yake ilikuwa kusuluhisha, na kama mwajiri hataki kusuluhishwa, basi tena. Hapo katikati, mwaka 1971, Mahakama ya Juu yao iliamua kesi ya kampuni ya umeme ya Duke Power iliyokuwa inadai cheti cha sekondari na mitihani kwa kazi ambazo hazihitaji vitu hivyo, ikasema hata kama hukukusudia kubagua, sharti likiwafungia nje watu weusi na halihusiani na kazi, ni marufuku. Kwangu huo uamuzi una maana kuliko hotuba mia.

Muda nao ni mtego, sheria ya Ujerumani ilipotungwa 2006 ilimpa mtu miezi 2 tu kudai, Marekani ni siku 180 au 300 kutegemea na jimbo, na mtu akishabaguliwa kawaida wiki za kwanza anazimaliza anajiuliza kama ni yeye amekosea. Ndo maana mahakama za usawa za Afrika Kusini nazikubali sana, hakuna ada ya kufungua kesi, si lazima uwe na wakili, na karani anatakiwa akusaidie kujaza fomu.

Na wale wanaosema kwetu hakuna ubaguzi wa rangi kwa sababu wote weusi, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1965 wa kupinga ubaguzi wa rangi unataja pia nasaba na asili ya kitaifa au kikabila. Kenya sheria yao ya uwiano ya 2008 imeweka kabisa kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, hesabu hiyo yeyote anaweza kuifanya akiwa na orodha ya mishahara.

Kinachobaki ni hela. Tume inayoteuliwa na serikali, inayolipwa na serikali, halafu ikaichunguze polisi ya serikali hiyo hiyo, jamani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha direktivu nyingine mbili zinazotaka vyombo vya usawa viwe huru na vipewe watu na fedha za kutosha, nchi zikapewa hadi Juni 2026 kutekeleza. Mi nasubiri kuona bajeti.