Nilivyopanga lakabu za barua pepe kwa nyumba zetu mbili za wageni

Ami yangu anaendesha nyumba mbili za wageni, moja Shangani katika Mji Mkongwe na nyingine Chake Chake, Pemba, na mimi ndiye niliyeachiwa kuitunza seva yetu ya barua pepe, inayotumia programu ya Postfix. Kwa muda mrefu wageni walikuwa wakiandika kwenye anwani yenye jina la dada aliyekaa mapokezi. Alipoacha kazi, maombi ya vyumba yaliendelea kuingia katika sanduku lisilofunguliwa na mtu, nasi hatukugundua hadi siku mgeni aliposimama mlangoni na mabegi yake, akidai chumba ambacho hatukuwa na habari nacho.

Hapo ndipo nilipoamua kutumia lakabu. Lakabu si sanduku. Ni jina tu, na seva ikipokea barua yenye jina hilo huangalia limeelekezwa kwa nani, kisha humfikishia mhusika. Watu wa visiwani hatuna shida ya kulielewa jambo hili, kwani mitaani kwetu anayemtafuta mtu kwa jina lake la cheti huenda akazunguka vichochoro mchana kutwa, ilhali akitaja jina la utani hupelekwa hadi barazani.

Nilianza na faili la /etc/aliases, ambamo niliandika neno «vyumba», nukta mbili, kisha majina ya watumishi wawili wa mapokezi, ili mmoja akiwa likizo mwingine aipate barua. Niliongeza pia postmaster, jina la msimamizi wa barua ambalo kanuni ya barua pepe ya RFC 5321 inaitaka kila seva ya barua ilipokee, nikalielekeza kwangu. Baada ya hapo niliendesha amri ya newaliases, kwa sababu Postfix haisomi maandishi ya faili hilo moja kwa moja, bali hifadhidata inayotengenezwa kutokana nayo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka nyumba ya Pemba ilipopata kikoa chake, yaani jina lake la kufuata alama ya @ katika anwani. Faili la /etc/aliases halitazami kilichoandikwa baada ya alama ya @, kwa hiyo barua za «vyumba» za Chake Chake zilikuwa zikishukia Shangani. Ilinibidi nikiondoe kikoa cha Pemba katika orodha ya mydestination (vikoa ambavyo seva huvihesabu kuwa vyake yenyewe), nikiweke katika virtual_alias_domains (orodha ya vikoa vyenye lakabu tupu), na lakabu zake niziandike kwa anwani kamili katika faili la /etc/postfix/virtual.

Kosa lililonipotezea jioni nzima lilikuwa langu mwenyewe. Nilinakili mistari ya faili la zamani pamoja na nukta mbili zake, ilhali katika faili la virtual anwani na mpokeaji hutenganishwa kwa nafasi tupu peke yake. Amri ya postmap, inayotengeneza hifadhidata ya faili hilo, ilinionya kwamba mistari ile imeandikwa kwa mtindo wa faili la aliases. Mimi, kwa haraka zangu, nikalipuuza onyo, na barua zote za Pemba zikarudishwa kwa waandishi wake kwa kosa la 550, eti mpokeaji hajulikani. Nilipoiuliza hifadhidata kwa postmap -q na anwani yenyewe, haikujibu neno, na hapo ndipo nilipoziona zile nukta. Nilizifuta, nikaendesha postmap upya, na jibu likaja.

Lililobaki lilikuwa la ami, aliyetaka nakala ziende katika sanduku lake la bure la Gmail. Baadhi zilifika na nyingine zilikataliwa, kwa kuwa barua ikipitishwa hivyo huonekana inatoka kwenye seva yetu, ambayo SPF ya kikoa cha mwandishi, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, haiitambui. Ipo njia ya kuiandika upya anwani ya mtumaji, lakini niliona ni kazi kubwa kwa msomaji mmoja. Nilimfungulia sanduku katika seva yetu, nikaliunganisha na simu yake kwa IMAP, njia ya kusoma barua zilizoko kwenye seva, na sasa analalamikia udogo wa maandishi tu.