Siku moja maishani mwangu: tangawizi inayowasha kupita kiasi

Saa 11:30 alfajiri. Naamka na harufu ya jana mikononi. Tangawizi haitoki kwa sabuni. Ukishinda unaisaga, kesho yake hata chapati yako inanukia. Namwandaa mtoto wa shule, nadaka bajaji, kazini.

Saa 1:30 asubuhi. Maabara yetu ni chumba kimoja na stoo, hapa Mtwara mjini. Tunachopima zaidi ni korosho. Tangawizi hutufikia kwa nadra, tena nyingi imeshuka na malori kutoka Songea, ndiyo maana nikiipata huwa nachangamka. Leo ninazo tatu: tunguu bichi nililonunua mwenyewe sokoni, vipande vilivyoanikwa juani na kikundi cha akina mama, na unga wa mzee mmoja mfanyabiashara.

Mzee mwenyewe keshafika, kakaa kwenye benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Onja kwanza, hizo chupa zako baadaye."

Naonja. Ulimi unawaka, machozi yananilenga.

"Haya. Mnunuzi wa Dar anasema hii haina kitu. Haina kitu?"

Saa 2:30. Unyevu. Tangawizi siitii ovenini. Ukiikausha hivyo, mafuta yake mepesi, yale yanayobeba harufu, huruka pamoja na maji, nawe utayahesabu yote kuwa maji. Tunaichemsha ndani ya toluini, kimiminika kisichochanganyika na maji, maji yanajikusanya chini ya mrija wenye alama, unayasoma kwa jicho. Kiwango cha kimataifa cha tangawizi kavu ni maji yasiyozidi asilimia 12. Ya akina mama ina 11. Ya mzee, 6. Kwa pwani hii, ambako hata chumvi inalowa ndani ya kopo? Nikaweka alama ya kuuliza daftarini.

Saa 4. Nawasha mtambo wa kunereka mafuta. Saa 5 na ushee umeme ukakatika. Kazi ya zaidi ya saa nzima imekufa, kesho tunaanza upya. Niliyoyasema pale hayaandikiki.

Saa 6. Bamba. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii.

Ni kipande cha kioo kilichopakwa silika, upana wa kiganja. Unachora mstari kwa penseli, kamwe si kwa peni. Kijana wetu wa mafunzo ya vitendo alichora kwa peni wiki iliyopita, wino ukapanda pamoja na sampuli, akanipigia kelele za furaha kwamba amepata jinjaroli, ile kemikali inayoifanya tangawizi iwashe, ya rangi ya buluu. Juu ya mstari nadondosha matone matatu, kila sampuli iliyolowekwa kwenye methanoli na tone lake, kisha nalisimamisha bamba ndani ya mtungi wenye heksani na etha. Kimiminika kinapanda kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, na kila kemikali inabebwa hadi pale inapochoka.

Umeme ukarudi saa 7. Nikapuliza vanilini yenye asidi ya salfa, nikalipasha bamba joto, nikasubiri. Madoa ya zambarau yakaanza kutokeza polepole, kama hina inavyoshika.

Tunguu bichi: doa nene chini, jinjaroli, na juu yake karibu hamna kitu. Akina mama: vilevile, na kivuli kidogo juu. Mzee: doa la chini limefifia, la juu limenona. Hiyo ni shogaoli. Jinjaroli ikipigwa na joto hupoteza molekuli moja ya maji na kugeuka shogaoli, na mtoto huyo huwasha kuliko mama yake. (Jina linatokana na *shoga*, tangawizi kwa Kijapani. Halimhusu shoga yangu wa Chikongola anayenisuka nywele, ingawa naye ana ukali wake.)

Mnunuzi wa Dar hulipa kulingana na jinjaroli iliyomo. Ulimi hauwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili inayouchoma.

Saa 9 alasiri. Namwonesha mzee bamba. Analitazama muda mrefu.

"Uliikaushaje, mzee wangu?"

Kimya. Kisha: "Kwenye bati, juu ya mkaa. Zilikuwa mvua za Machi, mwanangu. Ningeiacha iote ukungu?"

Sikuwa na jibu. Akina mama walivuna baadaye, wakapata jua. Fomu yetu ina visanduku viwili tu, inafaa na haifai, na sijawahi kuvipenda. Niliviacha vitupu, nikaandika pembeni: imepata joto kali, ipelekwe Dar ikapimwe kwa mashine kubwa, kwani bamba huonesha lakini halihesabu vizuri.

Saa 12 jioni. Stendi, kahawa chungu na kashata. Funda la kwanza likanikamata koo.

"Tangawizi umeitoa wapi leo?"

"Kuna mzee kaniuzia mchana, bei ya kutupa," kijana akasema, akitikisa birika. "Imezidi?"

Nikamwambia aongeze kikombe.